Ufunguo wa Pili

Ratiba niliipanga: asubuhi Makumbusho,
mchana Daraja la Tanzanite, jioni aiskrimu Masaki.
Shangazi Nyandwi akaonja maji ya Koko kwa kidole:
"Ziwa hili nani kalitia chumvi?"
Mjomba akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Siku ya pili waligoma.
Shangazi alikuwa ameuona mlango wangu wa Sinza
unavyofungwa kwa waya.

Basi tukatalii Kariakoo, duka kwa duka,
tukitafuta kitasa.
Akakataa vitano. Cha sita akakipima mkononi
kama anayenunua mgebuka.
Mjomba alikaza skrubu kwa ncha ya kisu.

Wamesharudi Bujumbura.
Picha zote zina ukungu.
Funguo zilikuja mbili;
wa pili nautafuta, siuoni,
na simpigii kumuuliza.