Uzito wa Kipini

Shinuna aliingia karakana yetu ya Wadi Kabir
saa saba mchana, mabati yanalia kwa jua,
akatoa mkobani kijiko kimoja cha supu
na mchoro wa penseli nyuma ya risiti.
"Kipini kiwe kizito, kisizidi dole gumba.
Mama mkono umemruka. Mchuzi haufiki mdomoni."

Sasidharan akafungua kabati.

Risasi nikaikataa mwenyewe:
nzito, ndiyo, lakini ukucha unaiandika,
na sumu yake haikai jirani na ulimi wa mtu.
Shaba inakerezeka kama halua iliyopoa;
akaipima kiganjani. "Bado."
Chuma cha pua kigumu, hakijui kutu,
na chepesi kuliko shaba. "Bado, fundi."

Akavua bangili.
"Na hii?"
Ilitoka Unguja, akasema,
imeokwa ndani ya mkate wa mofa,
na nyanya yake alikataa kula safari nzima.
Nikaishika. Uzito ndio huo hasa.
Lakini dhahabu ni laini, itakwanguka sinkini,
na mimi, miaka thelathini mbele ya mashine,
sijawahi kuogopa kukata kitu kama siku ile.
Nikamrudishia.

Chini kabisa, ndani ya gazeti lenye mafuta,
kilibaki kipande cha kazi ya visima vya Fahud:
tungsteni, imechanganywa na nikeli na shaba
ili ikubali kisu. Peke yake haikubali.
Kidogo kama tende.
Mkono wa Shinuna ukashuka nacho
kabla hajajiandaa.
Akacheka, mara ya kwanza.

Tulikereza hadi magharibi.
Ncha mbili zilivunjika. Nilimtukana mtu asiyekuwepo.
Haikutoa nyuzi ndefu kama chuma kingine,
chenga tu, kama za mchele,
na Sasidharan akazifagia kwa brashi ya rangi,
akazitia koponi, hata moja haikupotea.
Hesi ikaingia kwa zamu nne na nusu, ikakaza.

Wiki ya pili akapiga simu.
Nusu ya mchuzi inafika.
Nusu bado ni ya kanga.
"Mama anauliza," akasema,
"nani huyo ndani ya kijiko
anayemshika mkono."

Sikuwa na jibu.
Nikamwambia asikioshe kwa maji ya chumvi.