Mwenyeji

Chumba namba tatu, kituo cha afya, Khabura.
Kiyoyozi kinakohoa kuliko wagonjwa.
Mimi ni ulimi wa kukodi:
Kiarabu huingia sikioni, Kiswahili hutoka mdomoni,
na baina yao hubaki makapi ambayo hayana mshahara.

Kabla ya kazi nilipewa karatasi za istilahi,
kurasa kumi na moja, zimebanwa kwa pini yenye kutu.
Mfiduo. Kizingiti. Mzigo wa mwili. Nusumaisha.
Nilizisoma usiku
kama mtu anayehesabu vyombo vya nyumba ya mwingine.
Kizingiti nilikijua: hakikaliwi magharibi ikiingia.
Kumbe ni kipimo cha vumbi,
na chini yake pafu halina haki ya kulalamika.

Leo ni Bi Shinuna, mzaliwa wa Wete,
aliyefika huku mwaka sabini na moja
na sanduku moja na watoto wawili, mmoja hajatembea.
Ngazi mbili tu, kifua kinapiga mluzi.
Daktari Jayasree anauliza, kwa Kiarabu chake cha vitabuni,
kama nyumbani mna moshi.
Nami, mtumwa wa karatasi, nikatafsiri:
“Bibi, anauliza habari ya uchafuzi wa hewa ya ndani.”

Akavuta mtandio, akaketi sawasawa.
“Uchafuzi? Kwangu mimi?
Mwambie sakafu yangu napiga deki mara mbili kwa siku.
Mwambie chetezo changu hakipoi tangu alfajiri.”

Kalamu ikasimama. Kisha ikaandika:
chanzo cha mfiduo, udi na ubani,
kila siku, miaka hamsini na kitu.

“Sasa mgeni nimpokee na nini?” bibi aliuliza.
“Nimpulizie ile ya kuulia mende?”
Nilimwambia daktari: anasema ni ukarimu.
Akatafuta kwenye fomu. Hapakuwa na kisanduku.

Ukurasa wa saba unasema, mwenyeji
ni kiumbe ambaye ndani yake kijidudu huishi, hula, huzaana.
Nikamtazama.
Pemba waliwaita Waarabu.
Hapa jirani humwita Mzanzibari, hata akimsifia biriani.
Ni vijidudu peke yao waliomwita mwenyeji
bila ya kuuliza kwao wapi.

Baada yake akaja Musyoka, mlinzi wa yadi ya mabomba,
mkojo rangi ya chai ya rangi.
Nikasoma: “Joto la mazingira.”
Akacheka kidogo, midomo imepasuka.
“Mazingira ni kuzingirwa, sivyo?
Basi nieleze vizuri. Nikisimama nimezingirwa na jua,
nikilala nimezingirwa na wenzangu kumi na mmoja.”
Na saa za kupumzika mchana?
“Zimebandikwa ukutani, ofisini. Nimeziona.
Lango halina mchana.”
Daktari akaandika: anywe maji zaidi.
Hilo halikuhitaji istilahi,
lakini ndilo lililonishinda kulitamka.

Wiki iliyofuata Bi Shinuna alirudi.
Chetezo amekitoa uani, alisema,
mgeni akija apite kwanza uani, afukizwe,
ndipo aingie, “kama mtu anayepimwa forodhani.”
Alicheka mwenyewe, akakohoa, akacheka tena.
Daktari akaandika: mfiduo umepungua.
Bibi akanikumbatia kwa nguvu asizokuwa nazo,
akaniita mwanangu mbele ya foleni nzima.

Nusumaisha, ukurasa wa tisa:
muda unaohitajika ili kitu kibaki nusu yake.
Usiku nilivua abaya, nikaitundika nyuma ya mlango.
Asubuhi nikainusa.
Udi wake ulikuwa ungali mzima.