Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Alhamisi, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
cherehani ikishafunikwa kitambaa
na suti ya bwana harusi wa watu kusukumwa kando,
tunakaa wanne na vitabu vitatu.
Hesabu zetu hazijawahi kulingana:
nakala moja moja, macho manane.

Sista Kihiyo katoka zamu Bombo,
viatu kavivua, miguu juu ya robota la khanga.
"Hii ya mapenzi," anasema, "nimeimaliza kwa hasira.
Msichana anakufa kwa homa kurasa kumi na nane
na wanja haujamchuruzika!
Nimewafumba wengi macho.
Hakuna aliyeniachia sentensi ndefu namna ile.
Wa mwisho aliuliza kama mbuzi kafungwa."

Mhina ana ugomvi na ile ya upelelezi.
Miaka thelathini na moja kauza tiketi stesheni,
na muuaji wa mwandishi huyu
kapanda treni Korogwe saa tisa kasorobo usiku.
"Treni gani?" anauliza, kidole juu ya mstari.
"Nani kamkatia tiketi? Mimi sikumkatia."
Tunamwambia ni hadithi, Mhina, ni ya kubuni.
"Damu abuni," anasema. "Ratiba asiiguse."

Mwanakombo kitabu hukishika mgongoni
kama anayetafuta mshono.
Ile ya watu waliohamia sayari isiyo na mvua
kaipenda hata suti ya mtu imechelewa wiki mbili.
"Mbele imekatwa vizuri, mabega yamekaa,
ila mwandishi kachokea kwenye pindo.
Kaishia tu. Nyuzi zinaning'inia."
Kisha, pini mdomoni:
"Lakini zile nguo zao zenye mifuko
ya kukusanyia jasho wapate kulinywa,
naziwaza tangu Jumapili.
Mfuko kama ule ukatwe mshazari."

Mimi nafundisha hesabu. Husoma na kalamu nyekundu,
tabia mbaya, wameisema, wameizoea.
Pembeni nimeandika: Haiwezekani.
Nimeandika: Huku ana miaka ishirini, kule ishirini na sita,
na masika yamepita mawili.
Nimeandika: Mama alikufa sura ya pili,
huyu anayepika ni nani?
Basi zamu yangu ilipofika nikasema
ile ya mapenzi ni sukari tupu, chai hamna.
Wakacheka. Nikadhani yamekwisha.

Mwanakombo akakifungua kitabu
bila haraka, kama anayefumua.
"Nyekundu hapa. Nyekundu hapa.
Hapa umemsuta hadi mpiga chapa.
Mia na kumi na mbili, mwalimu.
Peupe. Kalamu iliisha wino?"

Ukurasa ule mume anarudi nyumbani na mkate,
mkate wa kila siku, wa watu wawili.
Anaukata. Anapanga vipande kwenye sahani mbili.
Ndipo anakumbuka.
Hakuna zaidi. Aya nne.
Mwandishi, kwa mara moja, kanyamaza.

Nilitaka kusema kitu juu ya mantiki.
Nikaangalia kona ya karatasi:
chaki ya buluu, ya fundi, ndogo kama ukucha,
na karibu yake duara la kikombe
cha mtu aliyekaa hapo hadi chai ikapoa.
Sista, yule aliyemaliza kwa hasira,
akaanza ghafla kutafuta viatu.
Mhina akasema mkate wa siku hizi hauna uzito.

Hatukuendelea. Kulikuwa na kitabu kipya cha kugawana,
cha mashetani, jalada jeusi lenye jicho.
Sista hakitaki, anakaa peke yake Chumbageni.
Mhina kasingizia wajukuu. Mimi nikasingizia mitihani.
Kwa hiyo kimelala palepale dukani,
na Mwanakombo, kabla ya kutoka,
akakitwika pasi ya mkaa,
"kisije kikajifungua,"
akafunga mlango,
akaitikisa kufuli mara mbili.