Saba Mashariki

Barua ilikuja ndani ya daftari la Hesabu,
imekunjwa mara nne: Mzazi, fika Jumamosi, saa tatu kamili.
Nikajua ni pesa za chakula.
Nikavaa shati langu la kuombea msamaha,
nikakaa nyuma, karibu na mlango.

Bi. Kerubo hakutaja deni la mtu.
Alivaa miwani, akafungua rejista,
akasoma taratibu, kama anayesoma majina ya marehemu:
"Jumatatu ya mvua, kumi na wanane hawakuja.
Jumanne, ishirini na sita.
Alhamisi, Otwori wa darasa la pili alikuja na kiatu kimoja.
Cha pili kimo mtaroni hadi leo."
Akaifunga. "Twendeni."

Kayole ikasimama kututazama,
wazazi sitini na ushee nyuma ya sketi moja ya kijivu,
hadi kwenye ule mtaro wa nyuma ya soko
tunaouruka kila siku tukiitukana kaunti.
Mwalimu mkuu akauruka.
Hakufika.
Tope lilimpanda hadi gotini, na hakuna aliyecheka.
"Na mimi nina miguu mirefu," alisema.

Mama Ndanu wa mboga akatoa toroli.
Hussein akakumbuka saruji iliyoanza kuganda dukani.
Mimi kimya. Nina mashine ya kuchomelea
na mdomo mzito.
Ndipo akaniita, si Fundi kama mtaa unavyoniita,
bali kwa jina la rejista, la zamani:
"Festus Mwendwa,
yale madawati mabovu nyuma ya choo,
chuma chake kitafaa?"

Wiki tatu, cheche hadi usiku.
Umeme wa shule, jasho letu,
walimu wakishika tochi na kumwaga chai.
Tuligombana pia: upana wa daraja,
nani alale hapo kulinda vyuma,
na gunia moja la saruji lililotembea lenyewe usiku.
Halijarudi.

Taa bado hatuna.
Kaunti ilikuja, ikapiga picha.

Lakini asubuhi binti yangu anavuka bila kukunja sketi,
anahesabu vyuma kwa kisigino,
na cha tatu bado kina maandishi ya rangi nyeupe: 7 MASHARIKI.
Huenda ni dawati langu,
lile nililoliacha muhula wa pili, nisirudi.
Nimepanga kuyafuta kwa rangi ya kijani.
Kila Jumamosi nasahau.