Kiinua Mgongo

Kaka yangu Anyosisye alitaka nijenge fremu tatu za duka pale Uyole,
niketi, nihesabu kodi.
Nimeketi vya kutosha.
Miaka thelathini na miwili, posta, dirisha namba mbili,
nikigonga muhuri juu ya majina ya mahali:
Ipelele. Bulongwa. Mbalatse. Lupila. Ikuwo.
Pu! Pu! Barua zikaenda, mimi nikabaki
na wino kwenye kidole gumba.

Basi kiinua mgongo kilipotoka
nikaenda kununua mgongo.
Landrova mia na tisa, rangi ya majani ya chai,
iliyobeba misheni, kisha mkaa, kisha kuku
(manyoya bado yanatoka kwenye dashibodi nikipita mabonde).
Mlango wa kushoto hufungwa kwa mpira wa baiskeli.
"Mama," akasema fundi Lugano wa Mwanjelwa, akijipangusa mikono,
"gari hili halikimbii."
Nikamwambia, hata mimi.

Ndiye aliyenifunza. Kitufe cha njano,
sukuma chini: magurudumu yote manne yanaitika.
Fimbo nyekundu, vuta nyuma: hiyo ni ya mlima,
na usiiguse ukiwa na hasira.

Chimala. Mvua ya Machi.
Kona zinapandana kama kamba iliyotupwa ukutani.
Watu husema ni hamsini na saba.
Mimi, karani, niliyefunga mahesabu kila jioni bila senti kupotea,
nilifika arobaini na moja hesabu ikanitoka,
maana kule chini Usangu wote ulikuwa umetandazwa,
na kivuli cha wingu kikitembea juu ya mpunga
polepole, pengine sawa na sisi.
Nyekundu. Injini ikanguruma kifuani
kama besi wa Moraviani wakiwasubiri soprano waliochelewa.
Tope likatutafuna, likatutema. Tukapanda.

Huko juu Kitulo hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi.
Nilizima.
Upepo ukaingia kupitia mpira wa baiskeli.
Maua ya manjano, maua ya rangi ya ini, nyasi, tena nyasi,
na boneti ikitoa mvuke kama ng'ombe aliyefika.
Nikamimina chai kwenye kifuniko cha chupa,
nikainywa nimekalia boneti hilo, joto likinipanda,
miguu haigusi chini,
umri wangu sitini na moja.

Kisha nikazama. Sitaficha.
Karibu na Ikuwo, tope jeusi kama masizi, hadi ekseli,
njano chini, nyekundu nyuma,
magurudumu manne yakizungukia ujinga wangu.
Wakatoka kwenye viazi wanaume wanane na majembe,
na msichana mmoja aliyewaamrisha wote.
Wakachimba. Wakatandika matawi. Wakasukuma,
na Landrova ikang'oka kama jino.

Nikatoa kalamu, niandike majina, niwatumie kitu.
Sanga, akasema wa kwanza.
Sanga.
Sanga.
Tweve.
Sanga, ila si ndugu wa huyu.
Nikacheka mpaka nikaegemea tairi. Kumbe ni ninyi!
Miaka yote hiyo mlinitesa,
Sanga kumi na wanne ndani ya mfuko mmoja wa barua, sanduku moja,
nikiwatafutia nyumba zenu kwa kubahatisha mwandiko!
Wanaume wakacheka nami.
Msichana hakucheka. Alikuwa na tope hadi kwenye nyusi.
"Moja haikufika," akasema. "Ya bibi."

Nilisimama pale na kalamu yangu.
Halafu nikafungua mpira, mlango wa kushoto ukaachia.
"Panda, unionyeshe anapokaa."
Akapanda, akapangusa kioo kwa kiganja.
"Njia yenyewe ni mbaya," akasema.
Nikaitazama njano. Ilikuwa bado chini.