Kopo la Vifungo

Wioletta wa dirisha la nne hayupo.
Alikwenda likizo ya uzazi mwezi wa pili,
na mafaili yake yakahamia mezani kwangu
kama wageni wa msiba: hawakualikwa,
hawana tarehe ya kuondoka.

Kisha Grażyna akavunjika nyonga juu ya barafu,
pale pale penye kituo cha tramu,
nikapata na ya kwake.
"Ni kwa muda tu," akasema Bwana Kurzawa,
akalishusha rundo polepole, kama mtu anayelaza mtoto.
Muda wenyewe hakuutaja jina.

Pensheni za nusu ya Łódź zinapita vidoleni mwangu:
wafumaji, wasokotaji, watia rangi wa viwanda vilivyofungwa,
kila mmoja na mapafu yake,
kila mmoja na miaka yake ya kuthibitishwa.
Simu inalia. Naipokea. Nyingine inalia ndani ya ile.
Mzee mmoja ananiuliza mbona sauti yangu
imekauka kama mkate wa juzi.
Namwomba namba ya faili.

Chai nainywa imeshapoa.
Dawa ya macho naitia nikiwa ndani ya lifti.
Jana usiku nimeota nagonga muhuri
kwenye paji la uso la mwanangu:
IMEPOKELEWA.

Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Kikishajaa, kikawa kinamwagika, hawakusema.

Daktari ameniandikia: pumzika.
Nilicheka hadi akanisogezea kitambaa.
Kupumzika nako kunataka nafasi,
nami sina nafasi hata ya kupiga chafya.

Basi nimeanza kuiba.
Naiba kituo kimoja: nashuka tramu mapema,
napita mbele ya duka la mikate lililokwisha fungwa,
navuta harufu iliyosahauliwa chini ya mlango.
Naiba dakika nne kwenye ngazi za nyuma,
namenya chungwa bila kulikata ganda,
utepe mmoja mrefu mpaka magotini.
Siku ganda likikatika
najua nimechoka kuliko nilivyodhani.

Na usiku, Staś akishalala,
nashusha kopo la biskuti la marehemu mama.
Halijaona biskuti tangu nizaliwe.
Mna vifungo: vya makoti, vya foronya, vya sare za kiwandani
alikosimama miaka thelathini na moja kando ya mtambo;
vya pembe, vya gamba la chaza,
na kimoja cha shaba, chenye nanga,
ambacho hakuna aliyewahi kunieleza.
Alishona vifungo, akatumikia kifungo.
Neno ni moja, sikulichagua mimi.

Navimwaga juu ya kitambaa cha meza.
Navipanga kwa rangi. Kisha kwa matundu:
mawili huku, manne kule.
Ndiyo, najua. Kutwa napanga, usiku napanga.
Dada yangu Iwona alinikuta, akatikisa kichwa:
"Mgonjwa anajitibu kwa ugonjwa wake."

Lakini hivi hakuna anayevisubiri.
Havina makato, havina rufaa,
cheusi hakiulizi kwa nini cheupe kimetangulia.
Na nikishamaliza, safu zimenyooka juu ya meza,
nazizoa zote kwa viganja viwili,
nazirudisha ndani ya kopo,
nakoroga.

Mlio ule!
Mvua ya mawe juu ya bati,
ila ndogo, ya kumtosha mtu mmoja.

Asubuhi rundo limekua.
Kurzawa anasema mtu mpya atakuja mwezi wa tisa;
wa mwaka gani, hakusema.
Mfukoni nimetia kile cha nanga.
Simu ikilia nakigeuza mara moja kwa dole gumba,
halafu naipokea.
Kuna siku nakigeuza mara mbili.