Yaliyobaki Nje ya Wasifu

Walisoma wasifu wako, Nyemo, kwa dakika nne.
Nilizihesabu kwa saa ya reli, ile ambayo mkanda wake
uliushona kwa uzi wa gunia.
Kijana wa kanisa alisoma vizuri, hakukosea tarehe:
amezaliwa Mvumi, mwaka wa njaa,
ameolewa Kikombo, amejaliwa watoto saba,
wajukuu kumi na tisa,
ameugua muda mfupi, amelala.
Watu wakaitikia amina,
nami nikaitikia pamoja nao, kama mtu
anayetia sahihi barua asiyoisoma.

Sasa turubai limekunjwa,
masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe,
na upepo wa Julai unausukuma mlango
kama ulivyokuwa ukiusukuma wewe, kwa goti,
mikono yote miwili imejaa.

Hakusoma kwamba ulinikataa mara mbili.
Ya kwanza mbele ya mjomba wako Chilongani,
mbuzi wangu wamekwisha fungwa uani.
Ya pili kisimani, tukiwa peke yetu;
ulicheka hadi ndoo ikamwagika.
"Mtu wa reli," ulisema, "mkewe ni filimbi."
Ya tatu hukusema kitu.
Ulinipa tu ndoo niibebe.

Hakusoma mwaka ule mvua ilipogoma,
uwele ukasimama shambani kama wageni wasiokaribishwa,
nawe ukadandia treni ya mizigo hadi Bahi kufuata chumvi,
Mbelwa mgongoni, ana surua.
Ukairudisha debe kwa debe,
ukaibadilisha kwa mtama mpaka Handali.
Tulikula. Sikuuliza ilivyowezekana.
Mwanamume mwenye njaa huogopa maswali yenye majibu.

Saba, alisema.
Wewe ulihesabu nane.
Yule wa siku tisa hakuandikwa popote,
lakini kila Krismasi ulishona nguo nane,
kila mwaka ya nane ikiongezeka urefu,
ukampa mtoto wa jirani yeyote iliyemtosha.
Miaka ishirini. Kisha mwaka mmoja ukashona saba,
ukasema, "Huyu sasa ni mtu mzima, atajinunulia."

Wendo wetu alijifunza kusoma kwenye kopo la sukari
uliloliandika DAWA YA PANYA.
Neno la kwanza alilolijua lilikuwa uongo wako,
na siku alipolielewa
alilamba kidole, akanyamaza.
Leo ni mwalimu Mpwapwa. Alinisimulia hayo msibani,
akicheka, shuka la jivu begani, machozi yakimwingia mdomoni.

Treni ya umeme uliipanda mara moja tu,
kwenda Morogoro kwa Mbelwa.
Ulishuka umenuna:
"Haijanipa hata muda wa kumenya chungwa."

Na mimi nami nimeruka mstari.
Ile miezi mitano uliyorudi kwenu.
Kosa lilikuwa langu, na lina jina, na jina hilo
hukulitamka hata siku moja katika nyumba hii.
Nilikuja kukuchukua kwa baiskeli, mchana wa jua,
mama yako akanipa maji bila kunitazama.
Ulipanda nyuma. Njia nzima hukunishika kiuno,
ulishika chuma cha kiti.
Tulipofika kwenye mchanga wa korongo, baiskeli ikayumba,
ukanishika.
Sijui kama ulisamehe au uliogopa kuanguka.
Nilitaka kukuuliza. Nilikuwa naisubiri siku nzuri.

Mzabibu ulioupanda nyuma ya bafu,
ule sote tuliosema hautashika,
una vichala vichungu, vya kijani.
Wajukuu wanaviiba hivyo hivyo, wanakunja nyuso.
Nawaona. Siwakatazi.

Jana usiku mlango ulisukumwa tena.
Nikainuka, magoti yakilalamika,
nikalikokota jiwe lako la kusagia,
lile lenye shimo la mikono yako katikati,
nikaliegemeza mlangoni
ili ubaki wazi.